Udhamini: Kushika Kisicho Chako

Sisi wa Kayanga tukisikia neno wadhamini, tunafikiri mara moja juu ya hati ya kiwanja cha kanisa. Tunasahau kwamba nchi yetu nzima iliwahi kushikwa kwa udhamini.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa. Wabelgiji wakapewa Ruanda-Urundi. Hawakupewa iwe mali yao. Walitakiwa kuitunza kwa faida ya wenyeji na kutoa taarifa kila mwaka. Mwaka 1922 Waingereza waliitwaa pia Gisaka, ng'ambo ya Mto Kagera, wakiwa na mpango wa reli. Watu wakatengwa na mfalme wao, malalamiko yakapelekwa, na kufikia 1924 Gisaka ilikuwa imerudishwa Ruanda. Mwenye kushika alikumbushwa kwamba ameshika tu.

Mwaka 1946 Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na wananchi wakawa na haki ya kupeleka malalamiko huko. Mwaka 1951 Wameru wa Engare Nanyuki waliondolewa kwa nguvu ili kuwapisha walowezi. Kirilo Japhet alisafiri hadi New York mwaka 1952 kuwasemea. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini mdhamini aliulizwa mbele ya mataifa. Mwaka 1955 Julius Nyerere naye alifika mbele ya Baraza la Udhamini. Tarehe 9 Desemba 1961 mwenye mali alikabidhiwa mali yake.

Kumbe udhamini una mambo matatu: mali ni ya mwingine, hesabu hutolewa, na mwenyewe anaruhusiwa kuuliza. Likikosekana la tatu, mawili ya kwanza hubaki kwenye karatasi.

Ndugu zetu, shamba la usharika, zahanati na shule vinashikwa na wadhamini kwa niaba yetu, na sisi wenyewe tunavishika kwa niaba ya Mungu na ya watoto wetu. Hivyo Mkristo anayeuliza hesabu kwa upole katika mkutano wa usharika asihesabiwe mkorofi. Analinda udhamini. Na sisi wachungaji tunaposhika ufunguo wa sanduku la sadaka, tukumbuke mfano wa wakili aliyeitwa na bwana wake atoe hesabu. Siku hiyo inakuja kwetu sote.