Lugha kama Gharama: Ushirikiano wa Filamu kati ya Dar es Salaam, Nairobi na Lagos

Shirika la Filamu Tanzania, lililoundwa mwaka 1968, lilikuwa limekwisha kudhoofika pale filamu za video zilipoibuka Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000. Pengo hilo lilizibwa na watu binafsi, na mmoja wao alitoka nchi jirani. George Tyson, mwongozaji Mkenya, ndiye aliyeongoza Girlfriend, filamu inayohesabiwa miongoni mwa zilizoweka misingi ya kile kilichokuja kuitwa Bongo Movie. Kuhama kwake kunaeleweka. Jijini Nairobi, watengenezaji wa River Road waligawana hadhira kwa Kigikuyu, Kikamba, Kiluo na Kiswahili. Dar es Salaam ilikuwa na hadhira pana ya lugha moja. Tyson hakuhitaji mkalimani, na hadhira yake haikudaiwa chochote.

Njia ya Lagos ilikuwa tofauti. Mwaka 2006 Steven Kanumba alishiriki katika Dar 2 Lagos, iliyoongozwa na Mnigeria Femi Ogedegbe, na mwaka 2011 akaigiza pamoja na Ramsey Nouah katika Devil Kingdom. Ushirikiano huu uliipa Bongo Movie hadhi na jina nje ya mipaka, faida ambayo wahakiki wake hawakuitendea haki kila mara. Hata hivyo, kilichowaunganisha waigizaji wa pande hizo mbili kilikuwa Kiingereza. Mtazamaji wa Kisarawe au Kibaha, aliyezoea kufuata kisa kwa masikio, ndiye aliyebebeshwa gharama: ama asome, ama amtegemee jirani aliyeketi naye, ama akisie.

Aidha, mahusiano hayo yote mawili yaliegemea mno watu wachache. Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012. Tyson alifariki mwaka 2014 kwa ajali ya barabarani.

Wakati huohuo mgeni mwingine aliingia kwa njia iliyo kinyume na ile ya Lagos. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilirusha tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Hapa gharama ya lugha ilibebwa na mwenye bidhaa. Mwezi Machi 2013 Rais Xi Jinping aliitaja tamthilia hiyo katika hotuba yake jijini Dar es Salaam.