Chuma cha Datsun 240Z
Huko Bweranyange, makao ya Mfalme Rumanyika wa Karagwe aliyempokea Speke mwaka 1861, zilihifadhiwa sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Yafaa basi mtu wa Kayanga au wa Kyerwa atamaniye kununua Datsun 240Z kuukuu ili alifufue, akague chuma chake kwanza, sifa baadaye. Sifa zipo: Herrmann alishinda nalo mbio za Safari mwaka 1971, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, mwaka 1973. Injini ya silinda 6 hufufulika. Lakini bodi yake haina chesisi ya pekee. Kutu ikishakula sakafu, gari lote hulegea, na hapo halifai hata kwa bei ya kutupa. Nissan yenyewe, ilipoanza kuyafufua mwaka 1997 kwa soko la Marekani, iliacha kabla ya kutimiza magari 100.