Walivyoupima Ubongo Wetu



Juzi baada ya tarawehe hapa Kibomet tulikaa barazani tukipiga gumzo la mitihani. Kijana mmoja aliyeanguka hesabu akasema, "Wacheni tu, kichwa cha mtu mweusi hakikuumbwa kwa hesabu." Tukacheka wote, mimi pia. Lakini usiku sikupata usingizi, manake maneno hayo yana wenyewe, na yaliandikwa hapa hapa Kenya.

Elimu ya nafsi kwa wazee wetu ilikuwa tiba. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akaeleza kuwa nafsi nayo huugua na hutibiwa. Miaka elfu moja baadaye, Nairobi, elimu hiyo ikapewa kazi nyingine.

Mwaka 1934 daktari F.W. Vint alichapisha uchunguzi wa ubongo wa Wakenya waliofia hospitalini. Aliulinganisha na takwimu za Wazungu, akadai ati ubongo wa mtu mzima wa hapa umefika ule wa mtoto wa Kizungu wa miaka 7 au 8. Baadaye akaja J.C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari tangu 1938 hadi 1950. Kitabu chake kilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Alidai kuwa Mwafrika hatumii vizuri ubongo wa mbele, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka 1954 akaandikia serikali ya kikoloni juu ya Mau Mau, akatafuta chanzo akilini mwa watu zaidi ya kwenye ardhi waliyonyang'anywa. Sisi wa Trans Nzoia, ambako walowezi walijaa, twajua faida ya maneno hayo ilikuwa ya nani. Mtu akiitwa mtoto, shamba lake hupata msimamizi.

Sasa tuulize ubongo wenyewe. Uzito si akili. Wa ndovu unakaribia kilo 5, wetu ni kama kilo 1.3. Ndani yake mna seli za neva kama bilioni 86. Habari hupita kwenye seli kwa umeme mdogo, kisha huvuka kwenda seli nyingine kwa kemikali. Ukirudia jambo, njia hiyo hupata nguvu. Ndiyo maana sura uliyoirudia madrasa haikutoki. Ubongo wa mbele, nyuma ya paji la uso, hupanga mambo na kuzuia ulimi na mkono, nao huendelea kukomaa hadi miaka ishirini na kitu. Hivyo ndivyo ulivyo kwa kila binadamu, mweusi na mweupe.

Mwaka huo huo wa 1954, Mnigeria Thomas Adeoye Lambo alianza kutibu wagonjwa wa akili huko Aro wakikaa vijijini na jamaa zao. Baadaye akawa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika lile lile lililotoa kitabu cha Carothers!

Carothers amekwisha kufa, lakini maneno yake bado tunamsemea, tena kwa kicheko. Yule kijana sasa tunakaa naye kila baada ya alasiri na daftari la hesabu. Jana alipata nne kati ya tano.