Bakteria sugu wa hospitalini (Unguja)

Bakteria sugu wa hospitalini ni wale wanaomwambukiza mgonjwa akiwa wodini, na ambao antibayotiki za kawaida haziwaui tena. Kwa desturi, maambukizi huhesabiwa kuwa ya hospitalini yakijitokeza saa 48 au zaidi baada ya kulazwa. Serikalini usugu huo hufupishwa UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Kwa Unguja, mengi yanayojulikana yametoka Hospitali ya Mnazi Mmoja, ukingoni mwa Mji Mkongwe, ile iliyoitwa V. I. Lenin baada ya Mapinduzi ya 1964. Uchunguzi wa damu za wagonjwa wake uliochapishwa 2015 uliwakuta bakteria wa aina kadhaa. Mmoja wao ni Salmonella Typhi, bakteria wa homa ya matumbo, ambaye mtu huja naye kutoka nyumbani kwa maji au chakula. Miongoni mwa walioonekana mara nyingi ni Klebsiella pneumoniae na Escherichia coli. Klebsiella ndiye mwenyeji hasa wa wodi.

Huishi tumboni mwa watu bila kelele, akakaa pia kwenye masinki, mirija na mikono ya wahudumu. Amejivika ute mzito: maabarani, ukiligusa kundi lake kwenye sahani kwa kitanzi cha waya, huweza kuvutika kama mlenda wa bamia. Baadhi hutengeneza kimeng'enya, ESBL kwa kifupi, kinachoivunja penisilini na hata seftriaksoni, sindano inayotegemewa mno katika hospitali zetu. Siri ya kukitengeneza imo kwenye plasmidi, kipande kidogo cha DNA ambacho Klebsiella aweza kumpa jirani yake E. coli.

Kichanga njiti hana ngao. Kanula mkononi, mrija wa kulishia puani: kila kimoja ni mlango. Akianza kukataa ziwa na kupoa mwili, daktari huanza na ampisilini na jentamaisini kabla ya kujua adui ni nani. Ampisilini haimgusi Klebsiella kwa maumbile yake, kwa hiyo jentamaisini ikishindwa, mtoto hana dawa mwilini.

Jibu liko kwenye kuotesha damu. Damu kidogo hutiwa kwenye chupa ya lishe. Bakteria wakiota, husambazwa kwenye sahani, kisha juu yake huwekwa vidonge vya karatasi vilivyolowekwa dawa. Palipobaki duara tupu lililo pana vya kutosha, dawa inafaa. Walipoota hadi ukingoni mwa kidonge, haifai kitu. Shughuli hiyo huchukua siku mbili au tatu, na kichanga hana siku tatu za kusubiri.

Uzito wa jambo hili ulipimwa ng'ambo ya mkondo, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, 2001 hadi 2002: kati ya watoto wenye bakteria kwenye damu walifariki asilimia 34.9, na kati ya wenye malaria asilimia 20.2. Malaria ndiyo iliyokuwa ikiogopwa.

Lawama nyingi hutupiwa rangi mbili, zile kapsuli za antibayotiki zinazonunuliwa dukani bila cheti. Zina sehemu yake, lakini wodini kinachomhamisha Klebsiella kitanda hadi kitanda ni mkono. Shirika la Afya Duniani limetoa kanuni ya kujitengenezea kitakasa mikono: spiriti, gliserini, haidrojeni peroksaidi na maji yaliyochemshwa yakapoa. Famasia ya hospitali yaweza kukichanganya yenyewe. Mkono wenye damu au uchafu unaoonekana huoshwa kwanza kwa sabuni na maji yanayotiririka.