Udhaifu si Utambuzi: Kemia ya Supramolekuli na Vifungashio vya Kariakoo

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea, maarufu kwa jina la rambo, ni marufuku Tanzania Bara. Mtaa wa Kongo na mitaa jirani ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, ikajaa mifuko mbadala, ambayo mingi imetengenezwa kwa nyuzi za polipropilini zilizogandamizwa hadi zikafanana na kitambaa. Mnunuzi huona plastiki imeondoka. Mkemia huona umbo tu limebadilika. Mnyororo ni uleule wa kaboni kwa kaboni, na kukata vifungo vya aina hiyo hudai takriban kilojuli 350 kwa moli. Jua huuchanachana mfuko, lakini vipande vyake hubaki plastiki. Hoja yangu ni kwamba mjadala wa kitu kuoza au kutooza umekwenda kombo. Kemia ya supramolekuli, yaani ya molekuli zinazoshikana kwa vifungo vinavyoweza kuachia, inatupa kigezo kikali zaidi: vifungo vya kifungashio vinatambuana na nini, na huachia vinapokutana na nini?

Wazo la msingi ni la zamani. Mwaka 1894 Emil Fischer alieleza uhusiano wa kimeng'enya na kemikali inayokishughulisha kwa mfano wa ufunguo na kufuli, na mwaka 1987 Lehn, Cram na Pedersen walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuunda molekuli zinazochagua wenzi kwa namna hiyo. Kwa polima, hatua kubwa ilikuja mwaka 1997, Meijer na wenzake wa Eindhoven, Uholanzi, walipotumia kipande cha molekuli chenye sehemu nne za vifungo vya haidrojeni zilizopangwa kwa mfuatano maalumu. Kifungo kimoja cha haidrojeni ni dhaifu sana kikilinganishwa na kile cha kaboni. Vinne vikilingana, hata hivyo, vipande hushikana barabara hata vikajipanga vyenyewe kuwa mnyororo mrefu wenye tabia za plastiki. Ukipashwa moto mnyororo hufupika, ukipoa hurefuka tena, na hakuna kilichoharibika.

Msomaji makini atauliza kwa nini tuhangaike na Eindhoven ilhali muhogo tunao. Swali ni halali, kwani wanga nao hujipanga. Ugali uliopoa hukakamaa kwa sababu minyororo ya amilosi, sehemu ya wanga, hutafutana na kujipanga upya. Hata jaribio la iodini, ambalo kila aliyesoma baiolojia sekondari analikumbuka, ni utambuzi wa molekuli: iodini huingia ndani ya mzunguko wa amilosi na rangi ya bluu-nyeusi ikatokea. Lakini filamu ya wanga mtupu ina kasoro ambayo hali ya hewa ya Dar es Salaam haiisamehe. Vifungo vyake vya haidrojeni hukubali maji kirahisi, hivyo unyevu wa hewa peke yake hutosha kuilegeza. Hapo ndipo watetezi wengi wa plastiki mbadala wanapochanganya mambo mawili: kifungo dhaifu huachia kwa yeyote, kifungo chenye utambuzi huachia kwa mlengwa.

Mfano bora wa aina ya pili ulichapishwa mwaka 2024 na kundi la Takuzo Aida la RIKEN, Japani. Walichanganya majini sodiamu heksametafosfeti, yenye chaji hasi, na chumvi za guanidinia zenye chaji chanya. Chaji zikakamatana, sodiamu salfeti ikafukuzwa nje, na kilichobaki kikakaushwa kuwa plastiki ngumu. Kinachoifungua ni kurudishiwa chumvi: ndani ya maji ya bahari hutengana kwa saa chache, na watafiti hao walirejesha asilimia 91 ya heksametafosfeti na asilimia 82 ya guanidinia.

Kwa mji wa pwani habari hii inavutia mno, na ndiyo maana inahitaji kubanwa. Samaki wa soko la Feri hutiririka maji ya chumvi, na kiganja cha mchukuzi kina jasho. Waandishi walionyesha kuwa tabaka lisilopenda maji huikinga plastiki hiyo, lakini tabaka likikwaruzwa kinga hupotea, na sokoni kila kitu hukwaruzwa. Pingamizi zito zaidi liko Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi. Takataka huziba mitaro wakati wa masika, na maji ya mvua hayana chumvi ya kutosha kuifungua. Plastiki hii ingesubiri hadi mto huo uifikishe baharini karibu na Daraja la Selander, wakati mafuriko yameshapita. Tena ikifunguka huko, fosfeti yake ni mbolea kwa mwani usiotakiwa.

Pingamizi hizi nazikubali kwa upande wa mfuko wa kubebea. Haziigusi filamu inayofunika shati, kiatu au simu ndani ya kontena. Bidhaa hizo ni kavu, na filamu nyingi huvuliwa dukani kabla mteja hajaondoka, kwa hiyo zinaweza kukusanywa mahali pamoja na kufunguliwa ndani ya tangi la maji ya chumvi, malighafi zikarejeshwa bila mto kuguswa. Hapo utambuzi una kazi inayoeleweka, kwa sababu aliyechagua kifungo ndiye pia anayechagua mahali pa kukifungua. Litabaki suala la bei, na kwa sasa polietilini inashinda kwa mbali. Ila bei hiyo haijajumuisha gharama ya kuzibua mitaro, ambayo hailipwi na aliyeleta kontena.