La Botte na Muhumba: kartye nzuri, lakini ya nani?

Picha za zamani za Costermansville zinatembea sana katika simu zetu, na kila mara kuna mukubwa mumoja wa kusema: "Ile ndiyo ilikuwa Bukavu!" Ni kweli, ilikuwa nzuri. Lakini ilikuwa ya nani?

Lile jina lilitoka kwa Paul Costermans, mkubwa wa serikali katika Kongo ya Leopold wa Pili. Bukavu ilirudilia jina lake katika miaka ya 1950. Wazungu walijichagulia rasi zinazoingia ndani ya ziwa, zaidi La Botte, ambayo ukiitazama kutoka juu iko sawa buti. Kule walijenga nyumba za Art Déco tunazoziona mpaka leo: kona za mviringo, baraza inayotazama maji, kidirisha cha duara kama cha meli.

Na wenye kuzijenga, kuzifagia, kupika ndani? Walilala Kadutu, kule juu kwenye mlima, na baadaye Bagira, ambayo Office des Cités Africaines ilijenga katika miaka ya 1950. Usiku Mweusi hakutembea kwa Wazungu bila karatasi. Kama alilala kule, alilala katika boyeri, kale kanyumba ka nyuma.

Miye ni mtu wa udongo, si wa usanifu wa nyumba, kwa hiyo ninaangalia zaidi parseli kuliko kuta. Parseli moja ilikuwa na nyumba moja, bustani kubwa, miti, mifereji, kuta za mawe za kushika mteremko. Bukavu inapata mvua ya karibu milimita 1,300 kwa mwaka, na udongo wetu ni wa mfinyanzi: ukishiba maji, unateleza. Ile bustani ilikuwa inakunywa mvua. Mzungu aliipandia maua yake, sawa, lakini kazi ilifanyika.

Kisha 1960, kisha 1967 mamluki wa Jean Schramme walishika mji kuanzia Agosti mpaka Novemba, kisha zaïrianisation ya 1973. Nyumba zilibadilisha wenyewe mara nyingi. Leo parseli ile ile inakatwa ine, tano. Boyeri imekuwa nyumba ya kupangisha. Miti imeisha, ni simenti na mabati tu. Maji hayana tena pa kuingia, yanashuka na barabara mpaka ziwani, na udongo nyuma yake.

Bamoja banasema turudishe plan ya zamani. Plan gani? Ni ile ile iliyopatia familia moja kilima kizima kule La Botte na kubananisha Kadutu yote bila hata nafasi ya kupanda mti. Mmomonyoko wa Kadutu ulianzia kwenye meza ile ile. Tukate parseli, watu ni wengi, lakini tuache sehemu ya udongo wazi.

Ukipita Muhumba, angalia kuta za mawe za zamani: chini ziko na vitundu vya kutoa maji. Zile mpya za bloko, nyingi hazina.