Hamburg, Mji wa Mifereji, na Habari Zake Zituhusuzo

Sisi watu wa Handeni twajua taabu ya maji, na wakati wa kiangazi ndoo moja ya maji ni mali. Basi leo twataka kuwatembeza, ndugu wasikilizaji na wasomaji, katika mji ambao njia zake nyingine ni za maji matupu. Mji huo ni Hamburg, katika Ujerumani, nchi ambayo wazee wetu waliiita Udachi. Wageni wengi huenda kuutazama kwa uzuri wake. Sisi tuna sababu nyingine pia: mali ya pwani yetu ilipita katika mifereji ile, na binti wa Sultani wa Unguja alikaa kando ya maji yake.

Neno mfereji lisiwadanganye. Huko Upare na Usambara watu huchimba mifereji ya kupeleka maji mashambani, nayo mtu huiruka kwa hatua moja. Mifereji ya Hamburg ni mipana, na matishali hupita ndani yake. Mji umejengwa penye mto Elbe, kiasi cha kilomita 100 kutoka baharini, lakini maji ya mto hujaa na kupwa hata huko. Zamani merikebu zilitia nanga mtoni, mizigo ikateremshwa katika matishali, nayo matishali yakangoja maji yajae ndipo yaingie mjini, mpaka nyuma ya nyumba ya tajiri. Katika njia iitwayo Deichstraße zimesalia nyumba za namna hiyo. Mlango wa mbele waelekea barabara, wa nyuma waelekea mfereji, na juu kabisa, karibu na paa, imetokeza boriti yenye kapi ya kuvutia magunia. Nyumba hiyo moja ilikuwa makao ya tajiri, afisi yake, na ghala yake. Katika njia hiyo hiyo ulianza moto mkubwa wa mwaka 1842, ukaunguza mji tangu tarehe 5 Mei hata tarehe 8, na watu 51 wakafa. Ni ajabu, maana maji yalikuwa kila upande.

Magunia hayo yalikuwa na nini? Mengine yalitoka kwetu. Mwaka 1849 nyumba ya biashara ya O'Swald ya Hamburg ilifungua duka Unguja. Wafanya biashara wa Hamburg walinunua ngozi, pembe, sandarusi, na hasa kauri, wakazipeleka Afrika ya Magharibi ambako zilitumika kama fedha. Mwaka 1859 Hamburg na miji wenzake Bremen na Lübeck ilifanya mkataba wa biashara na Seyyid Majid. Baadaye nyumba za matajiri hazikutosha tena. Tangu mwaka 1883 ukajengwa mtaa mzima wa maghala ya matofali mekundu, uitwao Speicherstadt, juu ya nguzo zilizopigwa katika matope, na mifereji katikati. Watu wapatao 20,000 walihamishwa, nyumba zao zikabomolewa. Leo wageni huusifu sana mtaa huo, na mwaka 2015 uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mkonge wetu nao ulipita Hamburg. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, ikaja kwa njia ya Hamburg. Iliyofika pwani yetu hai ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakaenea kandokando yake. Kazi ya kipande na maisha ya manamba wazee wetu waliyajua kwa migongo yao, hatuna haja ya kuwaeleza.

Sasa twende Uhlenhorst, mtaa ulio kando ya Alster, yaani mto uliozuiwa zamani ukawa kama ziwa katikati ya mji. Hapo alikaa Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said. Alimpenda Heinrich Ruete, mfanya biashara wa Hamburg aliyekuwa jirani yake Unguja, akachukua mimba, na mwezi wa Agosti 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza. Walioana Aden mwaka 1867, naye akaitwa Emily. Miaka mitatu baadaye mumewe alianguka kutoka katika gari la abiria lililovutwa na farasi, akafa, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Urithi wake wa Unguja alinyimwa. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake.

Twamhurumia mjane huyu. Lakini katika kitabu hicho aliutetea utumwa, na hapo sisi wa Uzigua hatuwezi kupita kimya. Zama za utawala wa baba yake, katika njaa ya miaka ya 1830, watu wa nchi yetu walichukuliwa kwa majahazi wakauzwa utumwani pwani ya Wasomali. Wengi walitoroka wakakaa kando ya mto Juba, na wajukuu wao wangali wakisema Kizigua. Baadhi ya wajukuu hao, walipokimbia vita, walipewa makazi Chogo, hapa hapa Handeni, mwaka 2003. Mwaka 2019 watu wa Hamburg waliita kiwanja kimoja kwa jina la Emily Ruete, kisha baada ya mabishano juu ya maneno yale wakaliondoa jina hilo. Kwa maoni yetu walifanya sawa, ila kitabu chenyewe na kisomwe.

Alifariki mwaka 1924, akazikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf. Katika vitu vyake walikuta kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja.